Mdogo wangu yuko kwenye dozi, watoto wake niwaweke wapi?

*"Habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Tandika. Mdogo wangu wa kike, miaka 31, alianza kutumia unga (heroini) alipokuwa na baba wa mtoto wake wa pili. Tangu mwezi wa tatu anakunywa dozi ya methadoni, dawa ya kumwachisha unga, hospitali ya Temeke na kwa kweli amebadilika, amenenepa, anafua, anapika. Lakini mwezi uliopita alipotea siku mbili, akarudi hali mbaya, tukamrudisha kwenye dozi. Ana watoto wawili: wa kiume miaka 9, darasa la tatu, na wa kike miaka 3. Tunaishi wote kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Siku zile mbili niliwaambia watoto mama yao kaenda msibani Mbagala. Sasa huyu mkubwa anaamka usiku, anaweka mkono puani kwa mama yake kuangalia kama anapumua. Mwalimu kaniita, anasema mtoto anasinzia darasani na amekutwa na maandazi ya mwenzake kwenye begi. Mdogo naye alishaanza kuongea, sasa hivi anaonyesha tu kwa kidole. Kaka yetu anataka watoto wapelekwe kwa bibi Handeni waachane na mambo ya mateja. Anasema hiyo dozi ni unga wa serikali, hakuna kupona hapo. Mimi nilitaka kwenda Ustawi wa Jamii, jirani akanitisha kwamba nikifika kule watoto watachukuliwa wapelekwe kituo cha kulelea watoto, hatutawaona tena. Nifanye nini? Na huyu wa miaka mitatu si bado hajui chochote?"*

Dada yangu, pole sana. Unauliza watoto wakae wapi, na nitalijibu hilo. Ila kabla ya kuwahamisha mtu yeyote, nataka tumwangalie huyo kijana wa miaka 9, kwa sababu mambo matatu uliyoyaandika juu yake ni jambo moja.

Mtoto anayeamka usiku kupima pumzi ya mama yake hawezi kukaa macho saa nne asubuhi wakati mwalimu anafundisha hesabu za kugawanya. Amelinda usiku kucha. Inawezekana kabisa kuna siku aliwahi kumkuta mama yake amelala hivi kwamba haamki, na hakumwambia mtu. Na hayo maandazi: mtoto aliyewahi kukaa siku mbili bila kujua nani atapika hujiwekea akiba. Wengine huficha mkate chini ya godoro hata baada ya chakula kurudi mezani. Sisemi kuchukua cha mwenzake ni sawa, arudishe na aombe radhi. Lakini ukimchapa kwa wizi utakuwa umeadhibu njaa na hofu, na yote mawili yataendelea.

Usiku wa leo mwondolee ile kazi. Mwambie kwa maneno: "Najua unaamka kumwangalia mama. Umefanya hivyo kwa kuwa unampenda. Kuanzia leo hiyo ni kazi yangu, mimi mkubwa. Nitamwangalia kabla sijalala na nikiamka." Kisha kweli ufanye hivyo, naye akuone ukifanya. Kumwambia tu "lala, mama hajambo" hakutamsaidia, maana alishaambiwa mama hajambo siku ambazo mama alikuwa na jambo.

Hapo ndipo linapokuja suala la msiba wa Mbagala. Naelewa kwa nini ulisema vile, karibu kila familia ninayokutana nayo ina msiba wake wa namna hiyo, au safari, au malaria isiyoisha. Tunadhani tunawalinda. Lakini mtoto wa miaka 9 anayeishi Tandika anajua kete, ile pakiti ndogo ya unga, ni nini. Ameshamwona mama yake akiwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, anatetemeka, pua zinachuruzika, anamfokea kwa kikombe kilichoanguka. Ameshamwona pia akiwa na stimu, amelewa unga, kainama, hajibu. Anachokosa ni mtu mzima wa kuzungumza naye. Mtoto asipopewa maelezo hujitengenezea yake, na mara nyingi yale anayojitengenezea yanamweka yeye katikati: mama kaondoka kwa sababu nilikuwa mkorofi, kwa sababu nilipata sifuri, kwa sababu nililia.

Kwa hiyo mwambie ukweli unaolingana na umri wake. Kwa mfano: "Mama ana ugonjwa. Ugonjwa wenyewe unamfanya atake unga hata akiwa hataki kuutaka. Siku zile mbili ugonjwa ulimzidi. Si wewe uliyeusababisha, na si kazi yako kuuponya. Kila asubuhi anakwenda hospitali kunywa dawa. Ukiwa na hofu, njoo uniambie mimi, hata usiku." Inafaa zaidi mama mwenyewe awepo, siku ambayo ametulia, na kama anaweza aseme mwenyewe "samahani niliondoka bila kukuaga." Asiahidi kwamba haitatokea tena. Ahadi ya namna hiyo ikivunjika mara mbili, mtoto hataamini neno lingine lolote.

Sasa huyu mdogo ambaye unadhani hajui chochote. Maneno ya kueleza hana, ila mwili wake una habari zote. Miaka mitatu ya kwanza ubongo unakua kwa kasi ambayo haitarudi tena, na chakula chake kikubwa ni yale majibizano madogo ya mchana kutwa: mtoto anatoa sauti, mama anamtazama, anacheka, anajibu. Heroini huyakata majibizano hayo. Mama mwenye stimu uso wake haujibu kitu. Mama mwenye arosto anajibu kwa ukali. Mtoto anakuwa na mama wawili katika sura moja na hajui atakayeamka leo ni yupi. Basi mwili wake unabaki kwenye tahadhari.

Tahadhari hiyo kwa kawaida ni kitu kizuri. Mtoto akiogopa mbwa, moyo unakwenda mbio, homoni za msongo kama adrenalini na kortisoli zinapanda, mtu mzima anamnyanyua na kumbembeleza, zinashuka, basi. Tatizo linaanza pale ambapo wa kumbembeleza ndiye chanzo cha hofu, au hayupo. Hapo ni sawa na jenereta lililoachwa linaunguruma hata baada ya umeme kurudi: linakula mafuta, linachosha mashine, na nyumba nzima haipati usingizi. Mtoto anayeishi hivyo hulala vibaya, hushtuka kwa kitu kidogo, hushindwa kukaza akili, na walio wadogo wanaweza kurudi nyuma kwenye yale waliyokwisha jifunza: kuongea, kujisaidia chooni, kulala peke yao.

Hata hivyo usimalizie yote kwa mama yake. Mtoto wa miaka mitatu aliyeongea kisha akanyamaza apelekwe hospitali aangaliwe, masikio kwanza. Usaha wa sikio usiotibiwa, uzito mdogo, hata shida nyingine za ukuaji zinaweza kuwa ndiyo sababu, au sehemu ya sababu. Beba kadi yake ya kliniki. Kama uwezo wa kusikia uko sawa na maneno hayarudi ndani ya miezi miwili mitatu ya nyumba kutulia, omba rufaa ya kwenda kwa wataalamu wa watoto Muhimbili.

Huenda umesikia, au utasikia, kwamba watoto wa hivi wameshaharibika. Ukweli una pande mbili na nitakupa zote. Huko California, Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha mwaka 1998 matokeo ya kwanza ya utafiti ambao hatimaye ulihusisha watu zaidi ya 17,000, wakionyesha kwamba kadiri mtu alivyopata mikasa mingi utotoni, ndivyo hatari yake ya msongo, ulevi na hata maradhi ya moyo ilivyopanda ukubwani. Kuishi na mtu mwenye ulevi au anayetumia dawa za kulevya ilikuwa mojawapo ya mikasa waliyoihesabu. Upande wa pili: katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Wale waliokulia kwenye umaskini, ugomvi, wazazi walevi au wenye maradhi ya akili, karibu theluthi walikua watu wazima wenye kujiamini, wanaofanya kazi na kuwajali wengine. Kitu kilichojirudia katika maisha yao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyetulia, aliyewapenda, asiyeondoka. Mara nyingi alikuwa bibi au ndugu mkubwa. Katika nyumba yenu, dada, mtu huyo ni wewe, na nadhani watoto wameshalijua hilo kabla yako.

Nije kwa kaka yenu na huo "unga wa serikali." Ana kipande kimoja cha ukweli: methadoni na heroini ni dawa za jamii moja. Anapokosea ni pale anapodhani zinafanya kazi sawa. Heroini inapanda haraka na kushuka ndani ya saa chache, kisha arosto, kisha kutafuta hela kwa njia yoyote, mara kadhaa kwa siku. Maisha yote yanazunguka hapo na mtoto hana nafasi. Methadoni inapanda taratibu na kukaa mwilini siku nzima. Mtu anakunywa mara moja asubuhi mbele ya mhudumu, haumwi, hamu inapungua, na dozi ikishakaa sawa hapati stimu. Ndiyo maana unaona amenenepa na anapika. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa kwetu huduma ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na sasa iko mikoa mingine pia.

Ni matibabu ya muda mrefu, miaka kwa wengi. Anayelazimishwa na ndugu kuacha mapema ili "apone kabisa" mara nyingi hurudi kwenye unga, na hatari yake ni kubwa kuliko mwanzo. Mwili uliokaa bila heroini kwa muda haustahimili tena kipimo cha zamani, na ndivyo wengi wanavyokufa, kwa kipimo ambacho zamani kilikuwa cha kawaida kwao. Kwa hiyo mtu yeyote ndani ya familia asimwekee tarehe ya kuacha dozi. Hilo ni la yeye na daktari wake.

Zile siku mbili ni kuteleza, na kuteleza ni sehemu ya ugonjwa huu. Mimi ninachokitazama zaidi ni kwamba alirudi. Muulize kwa upole kilichotangulia. Ni nauli? Hili linadharauliwa sana: kupanda daladala kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu, kwa mtu asiye na kipato, ni mzigo mzito. Kama ndugu mnaweza kuchanga, changeni nauli, na apewe ya siku, asipewe ya wiki nzima. Ni ugomvi nyumbani? Ni yule bwana amerudi? Na akikosa dozi siku kadhaa mfululizo, aseme ukweli kliniki ili wampangie upya kipimo. Akificha na kunywa kile kile cha zamani anaweza kuzidiwa.

Jambo la usalama ambalo siwezi kuliruka: kuchanganya methadoni na pombe au vidonge vya usingizi kunaweza kusimamisha pumzi. Siku ukimkuta anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, anapumua kwa nadra, midomo imebadilika rangi, ukimtikisa haamki, mlaze ubavu na mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Waambie amekunywa nini. Ipo dawa ya kumrudisha, naloksoni, lakini muda ni mfupi. Na kama siku moja ataruhusiwa kuchukua dozi nyumbani, chupa ifungiwe kwa ufunguo juu kabisa. Funda moja la methadoni laweza kumuua mtoto wa miaka mitatu.

Sasa Handeni. Bibi anaweza kuwa baraka, na kwa familia fulani ningesema wapelekwe kesho. Kwenu nasita. Watoto hawa wameshampoteza mama yao siku mbili bila maelezo. Ukiwapandisha basi la Tanga, kwa hesabu ya yule kijana, itakuwa amefukuzwa. Atapoteza shule, wenzake, wewe, na mama ambaye ndiyo kwanza anaanza kurudi katika hali yake. Mama naye, nimeona mara nyingi, watoto wakiondolewa ghafla anapoteza sababu ya kuamka kwenda kliniki. Uzuri wenu ni kwamba mnaishi nyumba moja. Mnaweza kumwekea mtoto mtu mzima aliyetulia bila kumtenga na mama yake. Wewe ushike yale yasiyopaswa kuyumba: asubuhi ya kwenda shule, uji, mlo wa jioni, saa ya kulala. Mama ashike yale anayoyaweza akiwa ametulia, tena mengi, kumwogesha mdogo, kumsimulia, kusuka nywele. Siku akiteleza, ratiba ya watoto isitikisike. Handeni iwe ya likizo, ya kwenda na kurudi, na watoto waambiwe tarehe ya kurudi.

Nitabadili ushauri huu kama nyumba si salama: kama mama anaacha dozi na kurudi kwenye unga moja kwa moja, kama anatumia mbele ya watoto au kuwapeleka maskani wanakokusanyika watumiaji, kama wageni wake wanalala humo, au kama wewe mwenyewe huwezi kuwapo. Hapo Handeni, au kwa ndugu wa karibu zaidi hapa Dar es Salaam, inakuwa afadhali kuliko kubaki.

Jirani yako amekutisha bure, ingawa hofu yake naikuta kila mtaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na kumtenganisha nao kwa muda mrefu ni uamuzi wa mahakama kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Afisa ustawi wa jamii hawezi kuja na gari akawapakia kwa sababu tu mama yuko kwenye dozi. Kuwa kwenye matibabu si kosa, tena linahesabika upande wa mama. Kinachotokea kwa kawaida ni hiki: unapitia serikali ya mtaa au unakwenda moja kwa moja kwa afisa ustawi wa kata au wa Manispaa ya Temeke, anasikiliza, anatembelea nyumbani, anazungumza na mama na watoto, mnakubaliana nani anafanya nini, na anarudi kufuatilia. Makao ya watoto ni hatua ya mwisho, pale ndugu hawapo au nyumbani kuna hatari.

Sitakudanganya kwamba mambo yatakwenda haraka. Maafisa ni wachache na mafaili ni mengi. Andika tarehe uliyofika na jina la aliyekupokea, chukua namba yake ya simu, na urudi tena. Anayefuatilia kwa adabu husikilizwa.

Kuna mtu umemtaja mara moja tu kisha ukampita: baba wa huyu mdogo. Na baba wa mkubwa hukumtaja kabisa. Nimezoea kuona familia nzima ikimkalia mama kikao huku wanaume waliozaa naye wakiwa hawaulizwi hata kilo ya unga wa sembe. Matunzo ni wajibu wao kisheria, na Ustawi wana uwezo wa kuwaita. Ila kama huyo wa pili bado anatumia na anafika nyumbani kwenu, msimtafute kwa hela. Mwambie afisa ustawi kwanza, maana kurudi kwake kunaweza kuwa ndiko kulikomtoa mama kwenye dozi.

Mambo yafuatayo hayasubiri foleni ya ofisi. Mtoto ameachwa peke yake usiku, amepigwa hadi kuumia, kuna dalili au hata wasiwasi kwamba ameguswa kingono, au mtu anawatisha: piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Mtoto akijichoma na bomba la sindano aliloliokota, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Mama akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake hata kwenda chooni, mpelekeni hospitali.

Ukiniuliza uanzie wapi wiki hii, anza na kliniki. Ongozana na mdogo wako asubuhi moja, kwa ridhaa yake, na uombe kuonana na afisa ustawi au mnasihi wa hapo kliniki. Wamezoea kukaa na familia na wanaweza kukuunganisha na mwenzao wa manispaa, kwa hiyo hutaingia ofisi ile kama mgeni. Mlete na kaka yenu kama atakubali, ayasikie ya methadoni kutoka kwa wanaoitoa. Kisha nenda shule. Kwa mwalimu huna haja ya kumwaga historia yote, sema: "Mama yake anaumwa, yuko kwenye matibabu, mtoto halali vizuri, tunalishughulikia." Omba mambo mawili: asiadhibiwe kwa kusinzia kwa kipindi hiki, na kama kuna mwalimu wa unasihi amwite mara moja kwa wiki. Mfungashie maandazi yake mwenyewe, na moja la ziada. Baada ya mwezi, kama bado anaamka usiku, amekonda, anajitenga au anasema maneno ya kutaka kufa, usingoje nijibu barua nyingine: mpeleke kitengo cha afya ya akili hospitali ya Temeke, aonwe ana kwa ana.